Usimshukuru Mtu

Jioni ile nilikuwa nimebeba sufuria ya uji wa pumba kichwani, na kwapani nilikuwa na furushi la nguo zangu. Nilikuwa nahamia kazini.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila jua lilipoelekea nyuma ya vilima vya Burundi, niliwapikia nguruwe wa Mzee Malongo pumba, nikaipeleka mwisho wa shamba lake la migomba, nikaiacha juu ya jiwe na kurudi na sufuria ya jana. Nguruwe wangekula wenyewe.

Nguruwe hao sikuwahi kuwaona. Wala kuwasikia.

Siku aliyoniajiri, mzee alinipa masharti huku akitazama pembeni. "Usionje. Usigeuke nyuma. Na chochote utakachokikuta kule, usimshukuru mtu."

Nilicheka. Nani anawashukuru nguruwe? Yeye hakucheka.

Machale yakanicheza. Shamba kubwa kama lile, halina jani moja la magugu, na hapa Mbuba nzima hakuna aliyewahi kuona kibarua akiingia. Tena nilimwona mzee akishuka kwenye gari kutoka mnadani Benaco na mzigo wa majembe mapya. Ya nani?

Nilimwambia jirani yangu Tecla. Akanifokea.

"Wewe Generoza! Mume umemzika, magugu yamefika dirishani, umepata kazi ya kubeba sufuria, bado unachagua? Kazi mbaya si mchezo mwema. Shukuru!"

Basi nikashukuru. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kazi, na kila jioni tumbo langu lilijikunja. Tecla ana mume na wajukuu, hawezi kujua. Tangu Marcel wangu afariki, nilikuwa napika ugali wa watu wawili na kuongea na kuku. Marcel hakuugua. Alikwenda siku moja kupalilia kwa Mzee Malongo, akarudi na homa, kesho yake tukamzika akiwa na shati lake jeupe la misa. Ningeyaunganisha hayo mawili mapema kama nisingekuwa na njaa.

Kisha ikaja siku ya sufuria.

Niliikuta imeoshwa. Imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa, imefunikwa kifudifudi juu ya jiwe, na mwiko umewekwa chini yake ili kuku wasiuchafue. Mwanaume mmoja tu hapa kijijini alikuwa anaosha sufuria, na wenzake walimcheka kilabuni hadi akazoea. Aliifunika hivyohivyo. Mwiko chini.

Sikufikiri. Neno lilinitoka lenyewe, kwa Kirundi cha mama yangu.

"Urakoze."

Ndiyo asante yetu hiyo. Lakini ukilichambua neno, maana yake ni "umefanya kazi". Sisi hatuna namna nyingine ya kumshukuru mtu ila kumwambia kwamba kazi yake imeonekana.

Migomba ilinyamaza. Halafu, kutoka ndani kabisa...

Ko. Ko.

Jembe linagongwa kwenye jiwe. Mara mbili, kudondosha udongo, kama alivyofanya Marcel kila alipomaliza kulima na kutaka nijue anarudi nyumbani.

Sikumwambia mtu. Lakini kesho yake Mzee Malongo aliniita kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeanza kuongea peke yako huko shambani." Alitabasamu. "Upweke mbaya. Kuna kibanda katikati ya migomba. Hamia. Utakuwa na wenzako."

Wenzangu!

Ningekataa. Mwenye akili angekataa. Ila niseme ukweli, nilitaka kwenda. Kama Marcel yuko mle, hata akiwa nusu mtu, hata akiwa kivuli, nilimtaka. Nilikuwa nimechoka kufunga mlango peke yangu.

Ndiyo maana jioni ile nilikuwa na furushi.

Nilipokaribia jiwe, nilisikia jembe. Si kwa mbali. Lilikuwa mbele yangu, njiani. Harufu ya udongo mbichi ilinijia, na ndani yake harufu nyingine, ya nguo iliyokaa kwenye maji siku nyingi.

Mtu alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anachimba mtaro kukata njia, kutoka ukingo hadi ukingo. Alilima kwa mkono wa kushoto, kama Marcel. Udongo ulikuwa unaangukia upande usiozoeleka.

Shati lilikuwa jeupe zamani.

"Marcel?" nilinong'ona.

Hakugeuka. Akaongeza kasi.

"Marcel, ni mimi. Nimekuja kukaa."

Nikanyanyua mguu kuvuka mtaro. Aligeuka ghafla, akanizuia kwa mpini. Alifungua kinywa kusema.

Ulimi haukuwamo.

Alichoweza ni kunyoosha jembe kuelekea nilikotoka. Nyumbani. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba huko nyuma yake, ndani ya migomba, majembe mengi yalikuwa yanalima, kwa sababu yote yalisimama kwa pamoja.

"Generoza..." Sauti ya Mzee Malongo, tamu, kutoka gizani mwa migomba. "Mbona unachelewa, mwanangu?"

Moyo uliniambia nenda, mumeo huyo. Tumbo likaniambia rudi. Tangu nianze kazi ile nilikuwa nalinyamazisha tumbo kwa sala za shukrani. Safari hii nililisikiliza.

Nikatua sufuria.

"Urakoze, Marcel," nilisema huku nalia. "Urakoze cane." Umefanya kazi sana.

Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ko. Ko.

Nikakimbia. Sikugeuka.

Tecla aliposikia hakunifokea. Alifunga mlango kwanza. "Bibi yangu alikuwa akisema, aliyefungwa kwenye kazi hashukuriwi," alinong'ona. "Ukimshukuru anakumbuka kwamba ni mtu. Akikumbuka, anatafuta njia ya nyumbani."

"Nyumbani kwake?"

Tecla alikwenda kulijaribu tena komeo la mlango.

Miezi imepita. Shamba la Mzee Malongo sasa ni pori, na yeye hajaonekana tena. Mimi nimerudi kwenye ugali wangu na kuku wangu.

Leo asubuhi nimefungua dirisha, nikaona magugu yangu yamelimwa. Udongo umetupiwa upande wa kushoto. Mkono wa Marcel! Nimelia kwa furaha, nimetoka nje bila viatu. Ndipo nikaona matuta mengine, udongo wake umetupiwa kulia. Na mengine, ya jembe dogo. Na mengine. Shamba lote hadi bondeni limelimwa.

Nimepika siku nzima. Jua lilipozama nimekaa mlangoni, na neno limenikaa kooni, kwani kazi ya mtu haiachwi bila shukrani. Nimelisema polepole, la mtu mmoja tu.

"Urakoze."

Ko. Ko. Nyuma ya nyumba.

Kisha kwenye jiwe la kufulia. Kisha kisimani. Kisha kwenye ukuta wa chumba ninacholala.

Na bado wanagonga.