Swichi Chini ya Kitanda

Betri za gari la kulala zilikuwa zinaisha kila usiku, na mtu pekee aliyejua sababu alikuwa Kaliza, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alijua kwa kuwa aliyekuwa akizimaliza ni yeye mwenyewe.

Gari lilikuwa la mama yake, Béatha. Zamani lilikuwa basi dogo la abiria. Mama aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo, na juu ya paa akafunga paneli ya sola. Aliwapeleka wageni mbuga ya Akagera kutazama wanyama. Wageni walilala ndani, yeye akalala kwenye hema pembeni. Gari likikaa mwezi bila safari, nyumbani kwao Kinyinya, mtaa wa Kigali, chai ilinywewa bila maziwa.

Taa, friji na pampu ya maji vilitumia betri mbili zilizokaa chini ya kitanda. Kando yake kulikuwa na inveta, sanduku la chuma linalogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, ili mgeni aweze kuchaji kompyuta yake. Sanduku hilo lina tabia moja mbaya: likiwa limewashwa, linakula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Ndiyo maana kila jioni lilizimwa kwa swichi nyekundu.

Aliyelizima alikuwa Shami, na hapo ndipo roho ilipomuuma Kaliza.

Shami alikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa kaka yake Mama. Alitoka Ngara, Tanzania, mwezi wa Septemba, kuja kusoma Kigali. Baba yake alikuwa akifunga sola kwenye nyumba za watu, naye alikua akimshikia spana. Wiki ya kwanza tu alimwambia shangazi yake kwamba waya wa pampu ulikuwa umelegea. Mama akatazama, akakuta ni kweli. Tangu siku hiyo akampa mita ya kupimia umeme na ufunguo wa gari, auvae shingoni.

Kabla ya Shami, ufunguo ule aliushika Kaliza. Ndiye aliyewafungulia wageni mlango, akawaonyesha bomba la maji na namna ya kuwasha jiko. Sasa wageni waliuliza, "Shami yuko wapi?" Kaliza akabaki kufuta madirisha.

Siku moja Mama aliwapeleka wote wawili mtaa wa Gisimenti kula mishikaki. Wakakutana na rafiki yake, Connie. Mama akamwekea Shami mkono kichwani, akasema, "Huyu ndiye mhandisi wangu."

"Na Kaliza je?" akauliza Connie.

"Kaliza?" Mama akatazama sahani. "Kaliza anajua kula."

Wakacheka wote. Kaliza naye alicheka, kisha akaisukuma sahani yake ya ndizi pembeni. Jioni ile ile, Shami alipokwisha kufunga gari, Kaliza alichukua ufunguo wa akiba uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akatoka kama anayekwenda kuanua nguo. Aliingia garini, akainua godoro, akabonyeza swichi nyekundu. Alfajiri alitangulia kuamka, akashika ufagio wa uwanjani, akapitia garini na kuizima. Shami alipokuja na mita yake, alikuta kila kitu kimezimwa na betri ziko chini.

Kaliza akaendelea hivyo, siku baada ya siku.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Jua lilikuwa hafifu, na paneli haikuweza kurudisha mchana kile kilicholiwa usiku. Mama na Shami wakaanza kumtafuta mwizi wa umeme. Walichomoa fyuzi moja moja, huku Shami akiangalia mita. Wakagundua redio ilikuwa inatumia umeme kidogo kutunza saa yake. Wakagundua kitaa cha ngazini hakizimi sawasawa. Kila walipopata kitu Shami alifurahi, akasema, "Shangazi, leo tumempata." Kesho yake betri zikawa chini tena.

"Shami, una hakika unaizima ile inveta?" Mama akauliza asubuhi moja.

"Naizima, shangazi."

"Una hakika kabisa?"

"Kabisa, shangazi."

Kaliza alikuwa akifagia karibu. Alisikia raha kama mtu anayekunwa mgongo mahali pasipofikika. Hakumwangalia Shami usoni, na hakuuliza kwa nini siku hizi Shami alikuwa anaacha chakula sahani nusu, wala kwa nini jioni moja alikuja kulia katika chumba walicholala wote wawili.

Kisha wakaja wageni wapya. Bwana Bayingana alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Uganda na kufanya kazi ng'ambo. Alitaka kumpeleka mama yake, Bibi Mukeshimana, Akagera, mpaka mwisho wa kaskazini wa mbuga, ambako kutoka barabarani unaonekana mlima alikozaliwa. Bibi aliuacha akiwa mtoto, amebebwa mgongoni na dada yake, familia ilipokimbilia Uganda. Sasa aliishi Mbarara, huko huko Uganda, na hakuwa ameuona tena. Safari ingekuwa ya siku nne, kuanzia Jumamosi, kwa kuwa Jumatano mwanawe alikuwa na ndege.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari, akijichoma sindano za insulini. Ijumaa mchana walileta dawa hiyo Kinyinya, na Mama akaipanga kwenye friji ya gari.

"Huko Akagera joto linachoma," Mama aliwaambia wasichana. "Dawa hii ikipata joto kali inaharibika. Friji isizimike. Mmenisikia?"

Bibi mwenyewe alikaa kwenye ngazi ya gari akinywa chai. Alimweleza Kaliza kwamba mlima ule una mabega mawili kama ng'ombe aliyelala. Kaliza alimsikiliza mpaka mwisho. Jioni hiyo hakwenda kuanua nguo. Alijiambia imetosha, ameacha, na hakuna atakayejua.

Lakini betri inayomalizwa mara kwa mara bila kujazwa vizuri hufa ndani kwa ndani. Hata ukiacha kuitesa, haishiki tena umeme.

Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima kila mwisho wa mwezi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, na Mama alikwenda na jembe lake kuzibua mifereji pamoja na majirani. Shami alifungua friji. Kitaa cha ndani hakikuwaka.

"Dada Kaliza, njoo," aliita kwa sauti ndogo.

Chupa za dawa zilikuwa bado na ubaridi. Wakazipeleka haraka kwa jirani, kwenye friji yake. Waliporudi, Shami alikaa chini kando ya gurudumu.

"Nitamwomba shangazi anirudishe Ngara."

"Kwa sababu ya betri tu?"

"Si betri, dada. Naizima inveta, naona kabisa nimeizima. Halafu asubuhi mita inasema kama sikuizima. Siku hizi hata nikifunga mlango narudi kuutazama. Sijui kama kichwa changu kiko sawa."

Kaliza alitaka betri zimwaibishe Shami. Hakuwa amefikiria kwamba Shami angeanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Alichukua kitambaa, akafuta dirisha ambalo lilikuwa safi.

Umuganda ulipokwisha, Mama, aliyekwisha kupelekewa habari na jirani, alirudi na fundi wa umeme, Nzeyimana, matope yakiwa bado kwenye buti zake. Fundi aliingia chini ya kitanda, akapima, akatoka.

"Hizi ziko zimekufa, Mama Kaliza. Zote mbili."

"Basi niwekee mpya. Maduka yanafunguliwa sasa hivi."

"Siweki."

"Husemi kweli, fundi. Wageni wangu wako njiani."

"Kuna kitu kinakula umeme na hatukijui," fundi alisema. "Nikiweka mpya leo, nacho kitakula hizo. Utakuwa porini na bibi wa watu na dawa yake, unitukane kwenye simu. Tufungue mbao zote kwanza, tuone nyaya."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka Jumanne. Labda Jumatano."

Mama hakubishana tena. Alitoa simu, akatafuta jina la Bayingana ili amwambie safari imekufa.

"Mama, usipige," Kaliza akasema.

"Niache, Kaliza."

"Usipige. Nyaya hazina kasoro. Ni mimi."

Akasema yote: ufunguo wa akiba, swichi, ufagio wa alfajiri. Fundi Nzeyimana aliangalia buti zake.

"Nani alikutuma?" Mama akauliza.

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Ulisema mimi najua kula."

"Nilisema lini?"

"Gisimenti. Ukasema Shami ni mhandisi, mimi najua kula."

Shami alikuwa amesimama, mita mkononi.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Isipokuwa jana."

"Hata siku ile niliyokuja kulia chumbani?"

"Hata siku ile."

Shami aliweka mita juu ya ngazi, akaingia ndani ya nyumba.

Fundi aliiunganisha inveta na betri ya injini, akaiwasha, akapima, akatikisa kichwa. "Mwizi ni huyu kweli. Na mwizi anayejulikana tunaweza kumfunga. Ngoja nilete betri, mpaka jioni nitakuwa nimemaliza. Kesho mtaondoka."

Mama alimwita Kaliza jikoni, akamkalisha.

"Neno lile la Gisimenti lilikuwa la kijinga, na nililisema mimi. Hilo ni langu, nakuomba radhi," alisema. "Lakini lilipokuuma, mlango wangu ulikuwa wazi. Wivu unampata kila mtu. Hata mimi nikiona gari la mwenzangu jipya, moyo unanichoma. Kosa lako ni kuuficha, ukaulisha kila jioni, na mwenzako akalipa. Ukiona mtu anajua usichokijua, kaa karibu naye akufundishe. Na ukikosea, sema siku ile ile. Ungesema wiki ya kwanza, tungekuwa tumezima swichi tu na kazi imekwisha."

Kisha akampa simu. "Mpigie Bwana Bayingana. Umweleze wewe."

Kaliza alieleza. Upande wa pili simu ikabadilisha mikono.

"Wewe ndiye uliyezima friji yangu?" ilikuwa sauti ya Bibi Mukeshimana.

"Ndiyo, Bibi."

"Kesho asubuhi uwepo hapo. Nataka nikuone uso."

Mchana kutwa Kaliza alimmulikia fundi tochi chini ya kitanda. Jumapili asubuhi friji ilikuwa inanguruma vizuri. Bibi alimtazama Kaliza usoni, akamkabidhi kikapu chake akipandishe garini. Mama akaondoka nao.

Walirudi Jumanne usiku. Dawa ilikaa salama, na betri zilishika umeme siku zote. Waliona tembo, viboko na twiga. Lakini siku iliyopotea ndiyo iliyokuwa ya kwenda kaskazini, na Mama alilazimika kugeuza gari njiani ili ndege isimwache Bwana Bayingana.

Basi hesabu ni hii. Betri mbili zilikufa. Mabati mapya ya paa la jikoni, ambayo Mama aliyawekea akiba, hayakununuliwa, kwa kuwa hela yake ndiyo iliyonunua betri nyingine. Shami alihamishia godoro lake chumbani kwa Mama, akabaki huko mpaka muhula ukaisha. Na Bibi Mukeshimana alirudi Mbarara bila kuuona mlima wake.