Mitungi ya Bi Leokadia

Siku za soko Kalina alikuwa akiamka kabla hajaitwa. Alivaa viatu vya mpira, akachukua ndoo, akashuka kwenye shamba la nyuma ya nyumba, ambako babu yake, Ignacy, alikuwa ameshaanza mstari wa kwanza wa matango. Matango ya kuchachusha huchumwa kabla umande haujakauka, yangali madogo, yana vipele vinavyochoma vidole. Babu hakupenda maneno mengi asubuhi. "Inua jani, usilivute," alisema, na baada ya hapo kimya, mpaka ndoo zikajaa.

Kisha Kalina na mama yake, Danuta, walipakia kila kitu kwenye gari lao la mizigo: matango, mafungu ya karoti, bitiruti zenye majani yake, vitunguu saumu vibichi, na mashina ya shibiti, kile kiungo cha kutia kwenye achari, yaliyokomaa, marefu kama fimbo. Wakaenda zao mjini Biłgoraj. Meza yao ilikuwa karibu na lango la soko, kando ya meza ya mayai na jibini ya baba yake Sylwia. Sylwia alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka mmoja zaidi ya Kalina. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini ulimi wa Sylwia haukuwa na likizo.

Katikati ya Julai mji mzima ulinuka shibiti na kitunguu saumu, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa ikijaza mitungi ya kioo kwa ajili ya majira ya baridi. Na hakuna aliyejaza mitungi kama Bi Leokadia. Alikuwa mjane mnyoofu wa mgongo, aliyestaafu kazi ya ushonaji na kuishi peke yake kwenye ghorofa karibu na kanisa. Matango yake ya chumvi yaliliwa na jengo zima. Jirani akiugua mafua, alipelekewa bakuli la supu ya matango hayo, yenye viazi na krimu, na akapona upesi, au angalau ndivyo Bi Leokadia mwenyewe alivyosema. Matango aliyanunua kwa Danuta tu.

Mwaka ule, siku chache kabla Bi Leokadia hajaja kununua matango ya mitungi, ilinyesha mvua ya mawe. Haikudumu, lakini ilipokatika, shamba la matango lilionekana kama limepitiwa na kundi la ng'ombe. Majani yalikuwa yametobokatoboka, mashina yamevunjika. Babu Ignacy alitembea mstari hadi mstari mikono ikiwa nyuma.

"Yale tuliyopanda baadaye, kule bondeni, yamepona," alisema mwishowe. "Lakini yatazaa Agosti."

"Na meza yangu ikae tupu hadi Agosti?" Danuta aliuliza. Akafikiri kidogo. "Nitanunua ya soko la jumla. Watu wakiuliza, tutawaambia ni ya kununua. Atakayetaka achukue, asiyetaka aende."

Siku ya soko iliyofuata jino la Danuta lilikuwa limemvimbisha shavu. Alipanga meza, akamwangalia Kalina, akamwangalia tena. "Naenda kwa daktari wa meno, sichelewi. Umesikia tulivyokubaliana kuhusu matango?"

"Nimesikia, mama."

Mteja wa kwanza aliuliza, "Ya kwenu haya?" Kalina akajibu kwamba ni ya kununua. Yule mama akalirudisha tango alilolishika, taratibu, kana kwamba lilikuwa na joto, akaondoka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alicheka akasema kama ni ya kununua angeyanunua dukani, kuna kivuli.

Sylwia alikuwa akipanga mayai huku akitazama yote. "We Kalina, unauza au unatubu?"

"Mama kasema nisiwadanganye."

"Mama yako yupo hapa? Tango ni tango. Wanalitia kwenye maji ya chumvi, linachachuka, wanakula. Atakayejua nani?"

Kalina aliyapanga matango upya. Aliona aibu kwa ajili ya meza iliyokuwa imejaa vile vile kama asubuhi. Aliwaza jinsi mama atakavyorudi na shavu lake akute hakuna kilichouzwa.

Ndipo Bi Leokadia akatokea, akivuta mfuko wake wa magurudumu. Kila mwaka alizoea kuchukua tango moja, kulivunja karibu na sikio na kulitazama kwa ndani. Siku ile alikuwa na haraka, maji yalikuwa jikoni tayari.

"Ya kwenu, mwanangu?"

Kalina alifungua kinywa kusema la kweli. "Yetu, bibi," akasikia sauti yake ikisema.

"Basi sina haja ya kuyapima. Nijazie mfuko."

Danuta aliporudi, mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, alishangaa kuona ndoo zimepungua. "Bi Leokadia kachukua ya jumla? Ulimwambia?"

"Nilimwambia," alisema Kalina, akainama kuokota karoti ambayo haikuwa imeanguka.

Kwa siku kadhaa alikuwa na wasiwasi. Halafu wasiwasi ukapungua. Matango ya bondeni yakaanza kuzaa, babu akaanza tena kumwambia ainue jani asilivute, na Kalina akajiambia kwamba Sylwia alikuwa amesema kweli, tango ni tango.

Agosti ilikuwa imefika katikati Bi Leokadia aliporudi sokoni. Danuta alikuwa ameenda garini kuleta makreti. Bi Leokadia alichagua fungu moja la karoti, akalipia, asiyaguse matango.

"Bibi, haya yamechumwa leo," Kalina alisema. "Ni mazuri sana."

"Nayaona, mwanangu. Lakini mimi nimeacha." Alifungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na mitungi mitupu, imeoshwa ikang'aa, kila mmoja umezungushiwa gazeti. "Hii nimemletea mama yako. Mingine nitaileta wiki ijayo. Yeye ataitumia."

"Kwa nini, bibi?"

Bi Leokadia alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Mtungi wa kwanza niliufungua nikasema bahati mbaya. Nikafungua wa pili. Yote, mwanangu! Laini kama sabuni iliyoloweshwa, ndani yana uwazi, juu ukungu. Tangu nilipoolewa sijawahi kuharibu mtungi. Nadhani nilisahau chumvi. Naapa nakumbuka nilitia, lakini mtu aliyesahau ndivyo anavyosema, au sivyo? Nikamwambia binti yangu Urszula. Anasema ni dalili, kichwa kinaanza kuchoka, nisikae peke yangu tena, nihamie kwake Lublin. Labda ni kweli. Siku hizi nikifunga mlango narudi kuujaribu." Alianza kutoa mitungi mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza. "Msalimie mama."

Akaondoka akivuta mfuko mwepesi.

Kalina alibaki ameshika mtungi mmoja. Sylwia alisogea. Safari hii hakucheka, alinong'ona tu. "Hajui. Nyamaza, umepona."

"Mimi nimepona," Kalina alisema. "Yeye je?"

Aliuweka mtungi chini. "Niangalizie meza," alisema, na kabla Sylwia hajauliza, alikuwa ameshapita langoni anakimbia.

Alimkuta Bi Leokadia kwenye kituo cha basi, amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Njiani Kalina alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini yote yalimponyoka.

"Hukusahau chumvi," alisema huku akihema.

"Nini?"

"Matango hayakuwa yetu. Yetu yalipigwa na mvua ya mawe. Yale mama alinunua soko la jumla, akaniambia niwaambie watu, na mimi sikukwambia. Nilikwambia ni yetu. Sijui yalikaa ghalani siku ngapi. Yaliharibika kwa sababu hayakuwa mabichi, bibi. Siyo wewe."

Basi lilikuja, likafungua mlango. Bi Leokadia hakuinuka. Dereva akangoja kidogo, akafunga mlango, akaenda.

"Sema tena," alisema Bi Leokadia.

Kalina akasema tena. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza.

Bi Leokadia akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta leso, na leso ilipofika machoni haikuwa ya kicheko tena. "Unajua nilichokuwa nakifanya kila nikilala? Nataja majina ya wanafunzi wote niliosoma nao, nione kama yapo. Nikikosa moja, sipati usingizi. Kwa ajili ya matango ya jumla!" Alimgeukia Kalina, na sasa alikuwa amekasirika. "Nilikuwa nimeshaanza kugawa vyombo vyangu, wewe mtoto! Ningeamka siku moja niko Lublin, kwenye chumba cha mjukuu, kati ya mabango ya wachezaji mpira!"

"Nisamehe, bibi."

"Nitakusamehe, lakini sio sasa hivi. Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi inuka, twende. Ukishavua kiatu kimoja, vua na cha pili."

Danuta alisikiliza akiwa amesimama katikati ya makreti. Hakupiga kelele. Kalina angependa apige kelele. Alimwambia tu, "Nilikuuliza, ukaniambia ulimwambia," na Kalina akaitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka kwenye bitiruti. Kisha Danuta akamwomba Bi Leokadia radhi, kwa heshima, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima.

"Kesho asubuhi," alisema, "Kalina atakuchumia matango yeye mwenyewe, na nitamleta kwako. Kazi yoyote utakayompa ataifanya."

Siku iliyofuata Kalina alifanya kazi kwenye jiko dogo la Bi Leokadia hadi vidole vikakunjamana. Aliosha matango, akamenya kitunguu saumu, akaparua mzizi mmoja mweupe unaowasha pua hadi machozi yakamtoka, na Bi Leokadia akasema hayo ndiyo machozi ya maana. Walitandika shibiti na majani ya mti wa cheri chini ya kila mtungi, wakasimamisha matango yamebanana kama watu kwenye foleni. Bi Leokadia alipofika kwenye chumvi, mkono wake ulisita juu ya sufuria ya maji. Kalina aliona. Bi Leokadia alitia, akakoroga, akaonja kwa kijiko, akafumba macho.

"Imekaa sawa," alisema, na mabega yake yakashuka.

Mitungi ilipojaa alikausha mikono, akapiga simu, akaiweka mezani ili sauti isikike jikoni kote. "Urszula, kuna mtu hapa ana neno nawe."

Kalina hakuwa ametarajia hilo. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, lakini Danuta alimwonyesha simu kwa kidevu. Basi akasimulia kwa mara ya nne, yote, bila kuruka chochote.

"Kwa hiyo mama hakusahau?" Urszula aliuliza.

"Hakusahau. Leo nimemwona akitia chumvi. Hakupima hata kwa kijiko."

"Mama," Urszula alisema polepole, "mimi niliogopa tu."

"Najua, binti yangu. Hata mimi niliogopa. Kwa daktari nitaenda, maana miwani yangu haifai kitu. Lakini nyumba sihami. Na Krismasi uje na gari, kuna mitungi ya kubeba."

Wiki iliyofuata waliitwa kula. Matango ya siku chache hayajachachuka sana, lakini yanalika vizuri mno, na Bi Leokadia aliyaleta na viazi vya moto vilivyonyunyiziwa shibiti, pamoja na kipande cha nyama. Babu Ignacy, aliyekuja akiwa amevaa shati la kanisani, alikula kimya mpaka sahani ya matango ikawa tupu, akaisogeza mbele kwa kidole ili ijazwe tena. Bi Leokadia aliijaza. Kisha akaweka tango moja kubwa kwenye sahani ya Kalina, akamgusa kichwa.

"Sasa nimekusamehe," alisema. "Hasira ilikuwa imebaki kidogo."

Walipokuwa wakirudi kijijini, babu alisinzia kiti cha nyuma. Danuta alikuwa akiendesha.

"Kosa moja ni langu," alisema. "Nilikuachia meza siku ngumu. Lakini nataka ulielewe hili. Mtu anayetuamini, mambo yakimharibikia, hatuulizi sisi. Anajiuliza mwenyewe. Anasema mkono wangu umekosea, kichwa changu kimechoka. Wewe ulitaka kuuza ndoo mbili, na ukaondoka na kitu ambacho hukukiona, imani ya Bi Leokadia kwake mwenyewe. Kwa hiyo ukweli tunausema hata kama meza itabaki imejaa. Matango yakibaki, kuku watakula. Mtu akipotewa na kujiamini, hatujui kama tutaweza kumrudishia. Wewe umeweza kwa sababu ulikimbia mapema."

Kalina alitazama mashamba yakipita, viazi, kabichi, viazi tena.

"Niliogopa sana kwenye kile kituo," alisema.

"Najua," alisema mama yake. "Na ulikwenda."