Kufuli la Chumba cha Majalada

Simu ililia nikiwa nakunja waya zangu, najiandaa kurudi nyumbani. Mwanamume wa upande wa pili alisema mtandao wa kiwanda chake umevurugika, na kwamba ameambiwa mimi ndiye fundi asiyeshindwa. Nikamuuliza kiwanda gani. Alipokitaja, nilitafuta kiti nikakaa.

Ni kiwanda cha madaftari. Ndiko alikofia mdogo wangu.

"Nakuja sasa hivi," nikamwambia.

Sikwenda kwa ajili ya kazi. Sikuwa hata na mpango. Nilitaka tu kumtia machoni mtu aliyeniulia Kidege, nione kama ana sura ya binadamu.

Kidege ndilo jina tulilomwita nyumbani, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, mwembamba, na hakujua kunyamaza. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Pale kiwandani kazi yake ilikuwa kubandika majalada, katika chumba kisicho na dirisha, katikati ya ndoo za gundi. Mlango wa chumba hicho Bosi, huyo huyo aliyenipigia simu, aliufunga kufuli la umeme linaloamrishwa na kompyuta, ili mtu asitoke kabla oda haijakamilika. Mikoba ilibaki nje, wasije wakaiba. Siku kifua kilipombana, pampu yake ya dawa ilikuwa huko nje, ndani ya mkoba wake. Wenzake waligonga mlango hadi mikono ikavimba. Mmoja aliyekuwa ameficha simu kwenye soksi akampigia Bosi. Bosi akajibu kwamba mbinu za wavivu anazijua, wamalize kazi kwanza.

Mlango ulipofunguliwa, Kidege alikuwa ameshapoa.

Haya niliyasikia msibani, kwa hao wenzake. Bosi hakuja kuzika, wala salamu hakutuma. Ndiyo maana hakuijua sura yangu.

Nilifika jua linazama. Wafanyakazi walikuwa wanatoka, wanatembea haraka haraka bila kugeuka nyuma. Mlinzi alinifungulia geti, akanisogelea sikioni.

"Fundi," akanong'ona, "ukisikia mtu anapumua humo ndani… usimwitikie."

Nikataka kumuuliza ana maana gani. Bosi akawa ameshatokeza mlangoni, mikono mfukoni.

"Kumbe fundi mwenyewe ni mwanamke!" akasema, akacheka peke yake. "Haya, mama, tuone ufundi wako."

Nikacheka pia. Meno tu, moyo haukuwemo.

Akanipeleka kwenye korido, lilipo boksi la waya zote za jengo. Mbele yetu kulikuwa na mlango wa chumba cha majalada, uko wazi. Harufu ya gundi ilinipiga puani. Na chini ya gundi, harufu nyingine… dawa ya kuchua kifua. Ile ambayo mama alikuwa akimpaka Kidege kila jioni.

"Kila siku giza likianza kuingia, mlango huu unajifunga wenyewe," alisema Bosi. "Nikiuamuru ufunguke, kompyuta inagoma. Kuna mtu kaingia kwenye mtandao wangu. Mtafute, mkate."

"Unamshuku nani?"

"Hawa hawa wafanyakazi. Wana kinyongo na mimi tangu yule msichana afe."

"Msichana gani?"

"Alikuja na ugonjwa wake kutoka kwao, akaja kunifia hapa. Mkosi mtupu."

Niliinama nikajifanya nachomeka waya, asinione uso. Damu ilikuwa inanichemka hadi masikioni. Ningekuwa na nyundo mkononi, hadithi hii ingeishia hapo.

Nikawasha laptopu yangu, nikaiweka juu ya stuli. Katika mtandao kila kitu kina namba yake, tunaiita anwani: kompyuta ina yake, printa ina yake, na kufuli la mlango lina yake. Ukikiita kifaa kwa namba hiyo, kinaitika. Shida huanza vitu viwili vikitumia anwani moja. Hapo amri hazijui ziende kwa nani.

Nikaiita anwani ya kufuli. Ikaitika mara mbili.

Nikachomoa waya wa kufuli kabisa, nikauacha unaning'inia, nikaita tena. Haikutakiwa kujibu kitu chochote.

Ikaitika mara moja.

Nikarudisha waya mahali pake, nikatoa kifaa changu cha kutafutia waya. Ni vipande viwili. Kimoja unakichomeka mwisho wa waya, kinatuma mlio ndani yake. Cha pili kinafanana na kalamu nene, unakipitisha ukutani, na kila kinapokaribia waya uliofichwa kinalia pi-po, pi-po. Nilitaka kuona kama kuna mtu amejiunganishia njia ya wizi.

Pi-po, pi-po… kikaenda na ukuta. Pi-po… kikafika kwenye fremu ya mlango.

Hapo mlio ukabadilika.

Hhhiii… hhhiii… hhhiii…

Sauti ile naijua. Nimelala kitanda kimoja nayo utoto wangu wote, nikihesabu usiku pumzi ipi itakuja na ipi itakosa.

"Kifaa chako kibovu?" Bosi akauliza.

"Hapana. Ni kizima."

Tukaingia chumbani. Nikakipitisha ukuta wa kushoto, kimya. Wa kulia, kimya. Nikakigeuza katikati ya chumba, hewani, mahali pasipo na waya wala msumari… kikaanza. Hhhiii… hhhiii… Nikapiga hatua kumfuata Bosi. Sauti ikapanda. Nikakisogeza karibu na kifua chake, kwenye kifungo cha shati.

Kikapiga ukelele.

"Toa huko mchezo wako!" akasema, akausukuma mkono wangu. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akashika meza. "Hii gundi…"

"Una pumu?" nilimuuliza taratibu.

"Mimi? Sijawahi kuugua hata mafua."

Lakini mdomo wake ulikuwa wazi, na mabega yanapanda na kushuka. Nilirudi kinyumenyume hadi koridoni kutazama laptopu.

Kla!

Mlango ulijifunga.

Bosi akaanza kugonga. "Fundi! Fungua!" Akagonga kwa ngumi, halafu kwa viganja. Kwenye laptopu, kufuli sasa lilikuwa linanitii mimi. Kitufe cha kufungua kilikuwa kimewaka, kinangoja kidole changu. Na kile kifaa kilichokuwa mkononi mwangu kikaacha kupumua, kikasema, kwa sauti ndogo niliyokuwa nimeisahau kidogo:

"Dada…"

Machozi yalinitoka palepale. Nilisahau kabisa maneno ya mlinzi.

"Abee, mdogo wangu."

"Dada… fungua."

Huyo ndiye Kidege. Mtu amemfungia mpaka akakata roho, na bado anamwombea mlango. Uchungu ulinipanda upya. Mimi si Kidege. Mimi ndiye niliyemvisha sanda, nikaona kucha zake zilivyokatika kwa kukwaruza mbao.

"Hapana," nikamnong'oneza. "Na yeye aonje."

"Dada… fungua."

"Nimesema hapana!"

Ndani, Bosi hakuwa tena na nguvu za kugonga. Alikuwa anakwaruza. Nilijua nikikiacha kitufe kile mbele yangu, huruma itanishinda, au mtu atakuja abonyeze. Nikaingia kwenye mipangilio ya kufuli. Nikaifuta anwani yake. Nikaandika nyingine, namba zozote ambazo vidole viliangukia, macho yamejaa machozi, nikathibitisha.

Fundi wa mtandao hafanyi hivyo hata akiwa mlevi. Kabla hujathibitisha anwani mpya, unaiandika pembeni. Usipoiandika, kifaa kimekupotea. Kipo, lakini huna pa kukiitia.

Kifaa mkononi kikanyamaza. Nikaita anwani ya zamani. Hakuna aliyeitika.

Nilifunga begi langu. Getini nikamwambia mlinzi kwamba Bosi anabaki kidogo.

Asubuhi waliuvunja mlango kwa shoka, na kufuli likapasuka vipande vipande, likafagiliwa pamoja na takataka. Daktari alisema pumu. Polisi waliponihoji niliwaambia kufuli lilikuwa linagoma, ndilo nililoitiwa. Wenzake Kidege walisimama nyuma yao, wakanitazama, hakuna aliyetia neno.

Kwa Bosi sijuti. Nasema waziwazi, sijuti hata chembe. Jioni ya siku waliyomkuta nilikula nikashiba, na mama, nilipomwambia kwamba mtu yule amekufa, alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu msiba.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisi moja, mtaa mwingine kabisa, kuwavutia waya mpya. Mchana kweupe, watu wanapiga soga. Nikatoa kifaa changu, nikakipitisha ukutani.

Hakikulia pi-po.

Hhhiii… hhhiii…

Zilikuwa pumzi mbili. Moja nzito, ya mwanamume, inakoroma na kutukana katikati ya mikoromo. Nyingine ndogo, imebanwa pembeni, inajitahidi isisikike.

Kila jioni sasa nawasha laptopu, najaribu namba. Nimejaribu mpaka macho yanauma. Najua ninachokitafuta kilishavunjwa, kikatupwa, lakini nitafanya nini? Nikitoka namba moja, naingia nyingine, naita, nangoja. Hakuna anayeitika. Kifaa nimekitoa betri, bado kinapumua ndani ya begi, chini ya kitanda.

Jana kilinong'ona. Nilipiga magoti, nikaweka sikio.

"Dada…" alisema Kidege, polepole, kama anayeogopa kusikiwa na aliye karibu yake. "Mimi nilikuomba unifungulie. Mbona umenifungia naye?"