Kengele Isiyo na Waya

Kila alasiri baada ya shule, Nthambi alifuata utaratibu uleule. Alivua sare na kuitundika kwenye msumari, akampa baba yake uji, akamsaidia kugeuka ubavu, kisha akachota maji kwenye mfereji na kwenda kuosha vyombo uani. Jecinta, rafiki yake wa mlango wa pili, alikuja mara kwa mara kumwita wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nthambi alimjibu kwamba ana kazi. Hakujibu kwa hasira wala kwa huzuni. Alijibu tu, kama mtu anayetaja saa.

Walikaa mtaa wa Jericho, Nairobi, na mwaka ulikuwa 1984. Baba yake, Kilonzo, alikuwa dereva wa lori hadi kiharusi kilipompata akiwa kazini. Upande wake wa kulia ulipooza na sauti yake ikafifia, ikawa haivuki mlango. Mama yake, Ndindi, alipata kazi ya kupika supu katika bucha moja kwenye Soko la Burma, akawa anaondoka mapema na kurudi jua likizama. Asubuhi, mama yake Jecinta, Wangeci, ambaye alikuwa akishona nguo nyumbani, ndiye aliyemwangalia mgonjwa. Alasiri ilikuwa ya Nthambi.

Siku Kilonzo aliporudishwa kutoka hospitalini, majirani walilia. Nthambi hakulia. Ilikuwa kama pale unapoukalia mguu kwa muda mrefu ukafa ganzi, ila ganzi hii ilimshika yeye mzima. Watu walimsifu wakisema ni mtoto mwenye moyo mgumu kwa umri wake. Aliwasikia, akaendelea kufagia.

Shida kubwa ilikuwa jiko. Lilikuwa uani, nyuma ya nyumba, na Nthambi akiwa huko hakuweza kumsikia baba yake. Alasiri moja alirudi chumbani akakuta shuka limelowa. Kilonzo alikuwa amemwita mpaka akakata tamaa, na sasa alikuwa amegeuzia uso ukutani kwa aibu. Nthambi alibadilisha shuka.

Habari hiyo ilimfikia Mwalimu Nabwire, aliyemfundisha Nthambi sayansi na ambaye alikaa mtaa huohuo. Mwalimu huyu alipenda kutengeneza redio za watu siku za Jumamosi. Alikuja kumjulia hali Kilonzo, akaipima nyumba kwa macho, akauliza kwa nini hawajaweka kengele. Ndindi akamweleza kwamba nyumba ni ya kupanga na masharti yanakataza kutoboa kuta. Na waya ukipitishwa mlangoni, mtu angejikwaa.

"Redio yenu haina waya unaotoka kituo cha matangazo mpaka hapa," Mwalimu Nabwire alisema, "na bado mnasikia habari. Kengele nayo inaweza kuja hivyohivyo."

Jumamosi iliyofuata alikuja na gari la kuchezea la mtoto, lililovunjika magurudumu, alilolinunua kwa wauza mitumba. Lilikuwa la aina ile inayoendeshwa kwa mbali, kwa kubonyeza kitufe kwenye kisanduku chenye antena. Aliling'oa mota iliyokuwa ikizungusha magurudumu, na mahali pake akaunganisha kengele ndogo ya betri. Nthambi alimshikia tochi. Mwalimu alimweleza kwamba kisanduku hurusha mawimbi, chombo cha ndani ya gari huyapokea, na kikiyapokea hupitisha umeme kwenye kengele. Alimwonya asiiguse swichi ya ukutani hata kidogo, kwa kuwa umeme ule unaua. Kazi yao yote ingekuwa ya betri.

Mara ya kwanza walipoijaribu jikoni, kengele ilikataa kulia. Waliiweka karibu na kitanda, ikalia. Waliirudisha jikoni, ikanyamaza. Mwalimu akagundua kwamba mabati ya jiko yalikuwa yanazuia mawimbi. Waliitoa nyuma ya mabati, wakaitundika kwenye dirisha la jiko linalotazama nyumba, na Kilonzo alipobonyeza kwa mkono wake wa kushoto, ikalia vizuri. Alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Ndindi alitoka nje akafuta machozi kwa kanga yake. Nthambi aliuliza betri zinakaa muda gani.

Tangu siku hiyo Kilonzo aliitumia kengele. Alitaka maji. Alitaka redio iwashwe. Baada ya kitambo alitaka izimwe. Alitaka dirisha lifungwe kidogo, kisha lifunguliwe. Wakati mwingine Nthambi alifika mbio, mikono imejaa povu, akaulizwa tu kama mama amesharudi. Alijibu hapana, akarudi jikoni, na kabla hajashika sufuria kengele ikalia tena. Shuleni alianza kusinzia darasani. Mama yake alipomuuliza kama anaweza kazi, alisema anaweza.

Alhamisi moja kengele ililia akiwa ndio kwanza ameketi. Alikwenda, akamwinulia baba mto, akarudi. Ikalia. Akaenda, akaushusha mto. Aliporudi alisimama mbele ya kile chombo dirishani, akakiangalia, kisha akasukuma swichi yake ndogo chini. Taa yake nyekundu ikazimika. Hakuwa amepanga ubaya wowote. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ukuta. Kulikuwa kimya, naye akakaa katika ukimya huo, hajui ni kwa muda gani.

Aliyesikia kishindo alikuwa Wangeci, kwa kuwa cherehani yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Aliingia akamkuta Kilonzo sakafuni, paji la uso likitoka damu, kisanduku cha kengele kikiwa bado mkononi. Akamwita Nthambi kwa nguvu. Nthambi aliisikia sauti hiyo, akainuka, na kabla ya kukimbia ndani aliirudisha swichi juu.

Walimwinua pamoja, wakamwosha jeraha. Halikuwa kubwa, lakini alikuwa akitetemeka. Ndindi aliporudi alimkuta na bendeji kichwani. Kilonzo alieleza polepole, neno baada ya neno, kwamba alihitaji kwenda haja. Alibonyeza mpaka kidole kikachoka, akadhani Nthambi ameenda mbali, akajaribu kusimama mwenyewe.

"Kengele haikulia?" Ndindi alimuuliza binti yake.

"Haikulia, Mama."

Jibu hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo. Nthambi alilijua hilo alipokuwa akilisema.

Kesho yake jioni Mwalimu Nabwire alikuja na vifaa vyake. Alibonyeza kitufe, kengele ikalia. Alibonyeza tena na tena, kutoka kitandani, kutoka mlangoni, na kila mara ililia. Alizikagua betri, akazisafisha nyaya, asione kasoro. Mwishowe aliketi kwenye stuli akakunja mikono.

"Nisameheni," aliwaambia Kilonzo na Ndindi. "Kitu kinacholia leo na kukataa kesho ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Nilifanya haraka kuwapa matumaini kwa kitu cha kuchezea. Nitakiondoa."

Kilonzo akaitikia kwa kichwa na kumsogezea kile kisanduku. Mwalimu alikileta kile chombo kutoka dirisha la jiko, akaanza kulegeza parafujo zake, na mikono yake, ambayo daima ilikuwa thabiti, sasa ilikuwa ikikosea. Nthambi aliitazama. Aliona kwamba mtu mwingine alikuwa anaibeba aibu ambayo haikuwa yake. Kitu kikamchoma kifuani. Kiliuma, na kwa siku nyingi hakuwa amehisi kitu kinachouma.

"Usiitoe, Mwalimu," alisema. "Haina ubovu. Niliizima mimi."

Wangeci, aliyekuwa ameleta chai, aliweka birika chini.

"Uliizima kwa nini?" mama yake aliuliza.

"Nilitaka isilie."

"Umechoka kumhudumia baba yako?"

Nthambi alifikiri. "Nimechoka," alisema. "Simchukii. Ila siku hizi sihisi kitu. Naamka, nafanya, nalala. Nilipoona damu ndiyo nikaogopa." Kisha akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto mdogo, na hakujua namna ya kunyamaza.

Ndindi alikuwa amekasirika, na ilionekana usoni mwake. Lakini kabla hajasema lolote Kilonzo aliinua mkono wake mzima.

"Na mimi," alisema kwa shida. "Niliomba maji nisiyoyataka. Nyumba ni kimya. Nilitaka kumwona mtu tu."

Jioni ile walizungumza kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani. Wangeci alisema cherehani inaweza kushona popote. Angeihamishia chumbani kwa Kilonzo Jumanne na Alhamisi alasiri, wazungumze huku akifanya kazi yake. Mwalimu Nabwire aliuliza ni kitu gani kinachomfanya mgonjwa aite mara nyingi zaidi. Kumbe ilikuwa redio. Aliahidi kutafuta kisanduku kingine, chenye mawimbi tofauti ili viwili hivyo visigongane, na kukiunganisha na redio ya betri. Kwa njia hiyo Kilonzo angeiwasha na kuizima akiwa kitandani. Wangeanza na hiyo moja, waone inavyokwenda, kisha ndipo wafikirie taa.

Wageni walipoondoka, Ndindi alimketisha binti yake karibu.

"Kosa lako ni kubwa, nawe umeliona," alimwambia. "Ulizima, kisha ukaficha, na Mwalimu akakaribia kubeba lawama yako. Lakini sikiliza neno lingine pia. Kuchoka si kosa. Nilikuuliza kama unaweza, ukaniambia unaweza. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ndio uliozaa huu wa pili. Mtu akiumwa katika nyumba, wanaomuuguza nao wanahitaji kuangaliwa. Sitaweza kukuangalia usiponiambia ukweli. Useme mapema, hata kama unadhani neno lako litanilemea."

Nthambi alimwomba baba yake msamaha. Kilonzo alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akauacha mkono hapo.

Mwalimu Nabwire alitimiza ahadi yake, na redio ya Kilonzo ikaanza kuwaka na kuzimika kwa amri yake mwenyewe, jambo lililomfurahisha hata pasipokuwa na kipindi cha kusikiliza. Kengele ililia mara chache zaidi. Ilipolia, Nthambi alikwenda.

Wiki moja baadaye, mama yake alimkuta amesimama mbele ya beseni la nguo, hajaanza kufua.

"Leo nimechoka, Mama," Nthambi alisema.

Ndindi alivua viatu, akakunja mikono ya gauni lake, akalivuta beseni upande wake. Alimwambia binti yake kwamba Jecinta yuko nje na wenzake, na kwamba wanatafuta mtu wa kukamilisha timu.