Mama Makochi Aulinda Ukurasa Wake

Mama Makochi alikuwa amepiga magoti karakanani, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa cha kochi kikaze. Wateja wake wengi walimjua kupitia picha za kazi zake mtandaoni. Simu ikaita.

"Mama Makochi, mbona umefunga karakana?" mteja akauliza.

Nusura ameze msumari. "Nani kafunga? Niko kazini, jasho linanitoka!"

"Ukurasa wako ndio unasema hivyo."

Akakimbilia kompyuta. Ukurasa ukamkatalia kuingia. Mtu asiyemjua alikuwa ameuteka, na sasa anawajibu wateja kwa jina lake!

Mumewe, mpishi wa hospitali, alimwita dada yake, fundi wa kompyuta. Alipoingia, mume akatania, "Wifi yako huyo kafika. Huyu hahitaji bando."

Mama Makochi hakucheka.

Wifi alihangaika mpaka ukurasa ukarudi. Kisha akauliza, "Wifi yangu, neno lako la siri unalitumia wapi kwingine?"

"Kila mahali. Barua pepe, benki, hata duka la vitambaa. Nikiwa na mengi nitayasahau."

"Hapo ndipo ulipoumia. Tovuti moja ikiibiwa maneno ya siri, mwizi huyajaribu kila mahali. Umefunga milango yote kwa ufunguo mmoja."

Akamwekea kiongezo kidogo kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti.

"Hiki kitakutunzia maneno ya siri na kukujazia chenyewe kwenye tovuti halisi," akaeleza. "Kila tovuti kinaitungia neno lake, refu na gumu. Wewe unakumbuka neno kuu moja tu. Liwe refu, na usimwambie mtu. Ukilisahau, hata waliokitengeneza hawawezi kukufungulia."

"Na hao waliokitengeneza, si watazisoma siri zangu?"

Wifi akamwonyesha kochi lisilofunikwa bado. "Unaona nini hapa?"

"Mbao, springi, misumari."

"Likiwa hivi, unaweza kuficha mbao iliyooza?"

"Thubutu! Fundi yeyote ataiona."

"Basi kiongezo hiki ni programu huria. Maandishi yaliyokiunda yako wazi, na mafundi popote wanaweza kuyakagua. Siri zako zenyewe zimefungwa. Ila kipakue kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa yeyote anayekutumia. Na kikinyamaza, kisijaze neno kwenye ukurasa uliouzoea, usikilazimishe. Soma anwani."

Mama Makochi akabadilisha maneno yote ya siri, moja baada ya jingine. Mwanzoni alinung'unika. Baadaye akazoea.

Mchana mmoja ujumbe ukaingia: "Ukurasa wako utafungwa leo. Ingia hapa haraka." Akabofya. Rangi zilikuwa zilezile, picha ileile. Lakini kiongezo kilikaa kimya.

"Kimeharibika hicho," mumewe akasema. "Nakili neno lako uliandike mwenyewe, wasije wakakufungia!"

Vidole vya Mama Makochi vilikuwa tayari juu ya vibonye. Akavirudisha. Akaisoma anwani herufi kwa herufi.

"Mume wangu, njoo uone! Hapa pana herufi moja ya ziada. Huu si ukurasa wangu. Ni mtego!"

Akaufunga. Akaandika anwani sahihi mwenyewe, na mara hii kiongezo kikajaza neno lake. Akaingia. Hakuna aliyekuwa anamfungia lolote.

"Safari hii umegonga mwamba, mwizi wee!" akapaza sauti, akicheka mpaka machozi.

Papo hapo akawatumia mafundi wenzake onyo. Seremala wa jirani alikuja mbio, simu mkononi. Ujumbe uleule ulikuwa umemfikia, na alikuwa karibu kuandika neno lake la siri. Wengine wakafuata, wakaijaza karakana, kila mmoja akitaka kuwekewa kiongezo.

Mama Makochi akafuta vumbi kwenye kochi lake jipya kabisa, akawakalisha.

"Haya, jamani," akasema, kifua mbele. "Nani anaanza?"