Kamera Mbili za Shangazi Ikupa

Wakati wa likizo, Atupele ndiye aliyefungua studio ya picha ya shangazi yake kila asubuhi, malori yakiwa bado yamelala kwenye foleni ndefu ya kuelekea mpakani. Alifagia, akapangusa vumbi juu ya kaunta, akalinyoosha pazia la bluu ambalo wateja huketi mbele yake, kisha akawasha taa zote mbili. Ikifika saa mbili, watu walikuwa wameshaanza kuingia: wafanyabiashara wenye haraka, wanafunzi, na madereva kutoka upande wa pili.

"Mulishani, mayo?" dereva mmoja wa Zambia alimsalimu Jumatatu moja.

"Bwino," Atupele alijibu bila kusita, akamwonyesha kiti. "Kaa wima, baba. Kidevu juu kidogo. Hapo hapo, usitabasamu."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alizungumza na wateja kama mtu aliyezaliwa studio. Shangazi Ikupa alimfundisha kazi tangu likizo ya mwaka uliopita, na alipenda jinsi mtoto huyo wa kaka yake alivyojiamini. Ukimpa kazi, haulizi mara mbili.

Mchana, mfanyabiashara aitwaye Abrahamu aliingia na mkoba mweusi, akatoa kamera mbili na kuziweka kwenye kaunta. Zote zilikuwa za kisasa, zile zisizo na kioo cha ndani kinachojiinua kila unapopiga picha, na zilitoka kiwanda kimoja. Moja ilikuwa kubwa, nzito, inajaza mikono. Nyingine ilikuwa ndogo na nyepesi.

"Mama Ikupa, kaa nazo mpaka Jumatano ya wiki ijayo," Abrahamu alisema. "Zifanyie kazi, uzijaribu upendavyo. Utakayoipenda utainunua, nyingine nampelekea mteja wangu Vwawa. Tofauti kubwa kati ya hizi ni sensa."

"Sensa?" Atupele alishangaa. "Ile ya kuhesabu watu?"

Wakubwa walicheka. Shangazi akafungua kamera ile kubwa upande wa mbele, mahali lenzi inapofungwa, akamwonyesha ndani kibamba kinachong'aa. "Hii ndiyo sensa. Mwanga ukipita kwenye lenzi unaangukia hapa, ndipo picha inapopatikana. Kwenye kamera ile ndogo, sensa inalingana na ukucha wa kidole gumba changu. Kwenye hii kubwa, ni zaidi ya mara mbili yake."

Atupele aliinyanyua ile kubwa, akaisikia ilivyotulia mikononi. Tangu dakika hiyo, moyoni mwake shindano lilikuwa limekwisha.

Shangazi hakuwa na haraka hivyo. Kamera yake ya zamani ilikuwa imeanza kugoma, na wiki iliyofuata alikuwa na kazi kubwa. Mwalimu Ketrina, aliyesimamia riadha ya shule za msingi, alikuwa amemwomba apige picha za mashindano ya Jumatatu. Lakini wateja wa picha za pasipoti hawakumpa nafasi ya kutoka.

"Nakukabidhi wewe kazi ya kuzipima," alimwambia Atupele. "Majaribio matatu: sura ya mtu dirishani, chumba chenye giza, na mtu aliye mbali. Tumia lenzi ileile, mahali palepale, saa ileile. Andika kila kitu kwenye daftari. Nitachagua kwa kusoma ulichoandika."

"Niachie mimi, shangazi," Atupele alisema.

Jumanne alifanya kazi safi kabisa. Alimketisha Ruti, fundi cherehani wa duka la jirani, karibu na dirisha, akampiga picha kwa kamera zote mbili. Sura ilitoka vizuri kote, ila ile kubwa ililainisha vitu vya nyuma hata Ruti akaonekana kama yuko peke yake duniani. Baadaye alifunga mlango wa stoo na kupiga picha ya stuli kwa mwanga wa balbu moja hafifu. Ya kamera ndogo ilijaa chenga. Ya kubwa ilikuwa safi. Aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, na furaha kidogo ikampanda.

Jumatano alasiri alipanda kilima hadi kwenye uwanja wa shule ambako wanariadha walikuwa wameweka kambi. Alifunga lenzi ndefu ya shangazi kwenye kamera kubwa, akaingia hadi katikati ya uwanja, akawapiga picha wakimbiaji waliokuwa upande wa pili. Kisha akatoa kamera ndogo, akaiwasha. Haikuwaka. Alibonyeza tena. Ndipo alipokumbuka kwamba usiku uliopita alikuwa amechaji betri ya kamera kubwa peke yake.

Ilimpasa arudi kesho yake, na kilima kile si cha kuchezea. Upepo wa baridi ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu machoni. Na kwani ingebadilisha nini? Ndogo imeshindwa na giza, itaweza umbali? Alikaa kwenye ngazi ya darasa, akafungua daftari na kuandika: "Jaribio la tatu. Kamera kubwa: nzuri. Kamera ndogo: haifiki mbali, mtu anaonekana mdogo kuliko kwenye kamera kubwa."

Alikuwa na hakika kabisa kwamba ndivyo ingekuwa.

Shangazi alisoma daftari jioni ile, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alhamisi alifunga studio mapema, akamchukua Atupele na kamera kubwa, wakaenda kuangalia mazoezi. Mwalimu Ketrina alikuwa ameshafunga kamba kuzunguka uwanja mzima, na mpiga picha hakuruhusiwa kuivuka. Shangazi alisimama kwenye kamba akapiga picha kumi na mbili. Alipozitazama kwenye kioo cha kamera, uso wake ulibadilika. Wakimbiaji walikuwa wadogo mno katikati ya nyasi. Namba zao za kifuani hazikusomeka.

"Lenzi ndefu kuliko hii sina," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akatoa simu na kumpigia Mwalimu Ketrina, ambaye alikuwa ameshaondoka uwanjani.

"Mwalimu, samahani sana. Kazi yako sitaiweza. Kamera niliyonayo haifiki huko mbali. Hapana, hiyo nyingine ni mbaya zaidi, tumeshaipima."

Neno lile, tumeshaipima, lilimwingia Atupele kama maji ya baridi mgongoni. Alijua shangazi alivyoisubiri kazi hiyo. Alikuwa amesema kwamba shule zote za mkoa zingeona picha zake. Na sasa alikuwa akiiacha kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa kwenye ngazi ya darasa.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona jana. Lakini shangazi alikuwa anairudisha kamera mkobani taratibu, bila lawama kwa mtu yeyote, na hilo ndilo lililomshinda Atupele.

"Shangazi, sikuipima."

"Hukupima nini?"

"Kamera ndogo. Hapa uwanjani. Betri ilikuwa imeisha, nilisahau kuichaji. Nikaona ndogo ni ndogo tu, nikaandika nilivyodhani."

Shangazi Ikupa alimtazama. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo nimemwambia mwalimu jambo la uongo."

"Ndiyo, shangazi. Kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini mwalimu utampigia wewe, kwa mdomo wako." Akampa simu.

Atupele akapiga. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Atupele, wa studio. Shangazi hajakosea, mimi ndiye niliyeandika uongo kwenye daftari. Kamera ndogo haijapimwa. Tunaomba tuipime kesho, tukuletee picha."

"Marahaba, Atupele. Dakika hii nimetoka kuzungumza na mpiga picha wa Mbeya. Nimemwahidi jibu kesho saa nne. Mkifika na picha kabla ya hapo, nitaziangalia. Baada ya hapo, basi."

Jioni hiyo Atupele alichaji betri zote mbili, akasimama kando ya chaja mpaka taa zikawa za kijani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa wameshafika uwanjani. Na uwanja haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeufunika wote, hata magoli hayakujulikana yalipo. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Shangazi alijifunika kitenge mabegani. Atupele alifunga stendi ya miguu mitatu karibu na kamba, akaweka jiwe kando ya kila mguu ili isisogee, akangoja.

Saa tatu kasoro robo, jua lilitoboa. Wakimbiaji wakatoka. Atupele alimfuata msichana mmoja mrefu aliyeitwa Pendo, kutoka Mbozi.

"Dada, naomba unisaidie. Kimbia kutoka pale mpaka pale. Halafu nikishabadilisha kamera, urudie."

"Mara mbili? Kwani ya kwanza haitoshi?"

"Haitoshi. Lazima kila kamera ikuone wewe yuleyule, mahali palepale. La sivyo sitajua nimelinganisha nini."

Pendo alicheka, akakubali. Alikimbia mara ya kwanza mbele ya kamera kubwa. Atupele akaitoa lenzi kwa uangalifu, akaifunga kwenye kamera ndogo bila kugusa stendi, akainua mkono. Pendo akakimbia tena. Kisha wakazitazama picha. Kwenye kamera kubwa, Pendo alikuwa mdogo katikati ya nyasi nyingi. Kwenye kamera ndogo alikuwa amejaa zaidi, kana kwamba mpiga picha amevuka kamba na kumsogelea. Namba yake ya kifuani ilisomeka: kumi na saba.

"Lenzi ni ileile, inaleta picha ileile," shangazi alieleza. "Ila sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu, nyasi za pembeni zinabaki nje. Kwa hiyo mtu wa katikati anaijaza picha. Nilipaswa kulijua hili kabla ya kukutuma. Nililiamini daftari."

Walimfikia Mwalimu Ketrina saa nne kasoro dakika kumi. Alizitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, akamgeukia Atupele. "Basi hii ndogo ndiyo bora?"

"Kwa mwanga wa mchana na mtu aliye mbali, ndiyo, mwalimu. Kwenye giza, ile kubwa inaishinda hii ndogo. Hilo nililipima kweli."

Mwalimu alitabasamu, akatoa simu yake na kumwomba radhi yule mpiga picha wa Mbeya.

Jumatatu, Shangazi Ikupa alipiga picha tangu asubuhi mpaka vikombe vilipotolewa, na Atupele alimbebea betri za akiba. Pendo alimaliza wa kwanza, mikono juu, mdomo wazi, nywele zimejaa vumbi. Picha hiyo Mwalimu Ketrina aliibandika ofisini kwake.

Jumatano Abrahamu alirudi. Shangazi alikuwa ameamua kubaki na kamera ndogo. Kazi zake nyingi zilikuwa za mchana, mahafali na harusi za nje, na pasipoti zina taa za studio. Atupele aliitazama ile kubwa ikiingia mkobani, akasikitika kidogo.

"Haya, binti," Abrahamu alimwambia, "wewe ndiye mtaalamu. Mteja wangu wa Vwawa nimwambie nini juu ya hii?"

"Mwambie kwenye giza ni nzuri sana, na sura ya mtu inapendeza. Ila ni nzito, na kwa vitu vya mbali atahitaji lenzi ndefu zaidi."

"Na mvua je? Inavumilia?"

Atupele alitikisa kichwa. "Hapo sijui, baba. Sijapima."

Shangazi Ikupa alimwekea mkono begani. "Umesikia alivyojibu, Abrahamu? Neno hilo moja lingetutosha wiki iliyopita. Mwanangu, napenda unavyojiamini, na usiache. Lakini jiamini kwa ulichokifanya, siyo kwa ulichodhani. Kama ungeandika 'sijapima', ningekusubiri mpaka kesho yake bila kinyongo. Mtu mwaminifu haoni aibu kusema ni wapi kazi yake imeishia."

Abrahamu akafunga mkoba, akaahidi kumwambia mteja wake vilevile alivyoambiwa, pamoja na lile la mvua.