Pumzi Alizozipunguza Fundi

Vijiko ndivyo vilivyoanza. Bibi mshonaji alirudi kwa fundi siku tatu tu baada ya kupewa vifaa vyake vya kusikia, akalalamika kwamba vijiko vinampigia kelele kama mabati. Fundi akaviunganisha vifaa na kompyuta, akashusha zile sauti nyembamba. Wiki iliyofuata ikawa bomba la maji, nalo akalishusha. Alipenda kujisifu kwamba hakuna mteja aliyewahi kutoka kwake amekunja uso.

Mara ya tatu bibi aliurudishia mlango kwanza. Kisha akasema, kwa aibu, kwamba mchana akimlaza mjukuu wake wa miezi mitano husikia pumzi. Si za mtoto. Ni nzito, za mtu mzima, karibu kabisa na mto. Akimpakata mtoto, zinakoma. Na nyumbani saa hizo hakuna mwingine, binti yake yuko kazini.

"Hiyo ni feni, bibi," fundi akasema. "Ngoja nikuondolee."

Akaondoa. Hata kuuliza kama nyumba ile ina feni hakuuliza. Mtu na ujuzi wake bwana! Bibi akaondoka akimwombea dua kwa raha aliyompa.

Siku ya nne aliingia bila hodi, mtoto kifuani. Mtoto alikuwa macho, lakini halii, hanywi maziwa tangu juzi, na daktari amempima asione ugonjwa. Bibi alieleza kwa kunong'ona. Awali akisikia pumzi alikuwa akimnyanyua mjukuu wake mbio. Zilipotoweka, akamwacha alale. Alidhani hilo linalopumua limeondoka, kumbe lilikuwa likishinda naye kutwa nzima.

"Nirudishie," akasema. "Nirudishie nilisikie, litaniulia mtoto."

Fundi aliogopa, akavipokea vifaa na kuzirudisha sauti zote kama zilivyokuwa. Kisha, kwa kuwa mafundi wa kazi hii hukijaribu kifaa kwa masikio yao wenyewe kabla ya kumvika mteja, akachomeka kimoja kwenye mpira wa kusikilizia, ule unaofanana na wa daktari, akautia masikioni, akakisogeza kifaa karibu na uso wa mtoto, na hapo akazisikia, ndefu, nzito, zinavuta zaidi ya zinavyotoa, zikaendelea hivyo mpaka zikakatika ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa, halafu zikaanza tena, safari hii zikipanda taratibu kuufuata mkono wake mwenyewe, kiwiko, bega, mpaka akauchomoa mpira na kuutupa chini.

Mtoto akalia. Kilio kikali, cha njaa. Bibi naye akalia kwa furaha, akimbusu kichwani, akamtilia chupa mdomoni, na mtoto akanyonya kwa pupa.

Ndipo bibi akavaa vifaa vyake. Akatulia. Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, amemkumbatia mjukuu kwa mikono yote miwili, na macho yake hayakuwa usoni pa fundi. Yalikuwa juu kidogo ya bega lake.

"Limekwenda?" fundi akauliza.

"Limemwacha mtoto," bibi akanong'ona. "Mwanangu, kwani wewe hulisikii?"

Fundi akatega masikio yake, mazima tangu azaliwe. Hakusikia kitu.